Mchanga wa Sebule

Christiane Meta alikanyaga mara mbili kabla ya kutazama chini. Hapo ndipo alipoona kwamba sebule ya nyumba ile haikuwa na sakafu. Ilikuwa na mchanga tu, mchanga mwembamba wenye unyevu, uliotandazwa na kusawazishwa kwa ubao ili zege imwagwe juu yake. Katikati ya mchanga zilipita alama za viatu vya mtu mwingine, kubwa, za kwenda na kurudi. Na nyuma yake, karibu na mlango wa mbele, zilikuwa alama mbili mpya kabisa. Zake.

Alisimama kama aliyeona nyoka. Kisha akarudi nyuma polepole, akiweka kila mguu palepale alipokuwa ameukanyaga, mpaka akatoka nje.

“Papa Ruphin,” alimwambia askari aliyekuja naye, “mutu asipite huku. Hata weye. Hata miye.”

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kwanza, saa mbili na robo asubuhi, kwenye mtaa mpya wa Ruashi ambako nyumba nyingi bado ni kuta bila paa. Christiane alikuwa na miaka thelathini na minne, mkaguzi wa upelelezi katika kituo kidogo cha polisi cha upande ule. Ruphin alikuwa karibu kustaafu. Walikuwa wawili tu, na nje walikuwa wamekwisha kusanyika watu zaidi ya mia.

Alizunguka nyumba kwa nje, akikanyaga kwenye matofali yaliyoanguka ili asiharibu udongo, akaingia kwa mlango wa nyuma. Mwenye nyumba, Mzee Adrien, alikuwa amelala kwenye kizingiti, kati ya chumba cha nyuma na sebule, macho yamefumba, na damu imeganda kichwani. Christiane aliinama, akaweka vidole viwili shingoni mwake. Alikuwa amepoa tangu saa nyingi. Kando ya ukuta kilikuwa kipande cha nondo, urefu wa mkono, chenye nywele chache za mvi kwenye ncha.

Adrien alikuwa fundi wa reli kwa miaka thelathini na moja. Baada ya kustaafu alinunua kiwanja hiki, akajenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, na mtaa mzima ulimjua kwa kofia yake ya bluu na kwa salamu zake ndefu. Hiyo ndiyo sababu watu walikuwa na hasira.

Hasira hiyo walikuwa wamekwisha kuipatia mtu. Mwashi wa nyumba, kijana wa miaka ishirini na sita aitwaye Israël, alikuwa chini penye barabara, shati limechanika, mdomo unatoka damu. Yeye ndiye aliyefika saa kumi na mbili na nusu kuanza kazi na kumkuta mzee. Alimwinua kichwa, akapiga kelele. Watu walipokuja walimkuta ana damu mikononi mpaka kwenye viwiko, na wengi hawakuhitaji jambo lingine.

“Tumuchome!” sauti ilitoka nyuma ya kundi. “Njo yeye! Angalia mikono!”

Kweli, mtu mmoja alikuwa ameshika tairi kuukuu.

Christiane alipita katikati yao. Hakukimbia. Alimshika Israël bega, akamwinua, akamwongoza hadi kwenye kibanda cha Mapalo, mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, kilichokuwa mkabala na nyumba.

“Mama Mapalo, minaomba nafasi kidogo. Uko na mifuko ya karatasi?”

“Ya mukate iko.”

“Lete mbili.”

Aliivalisha mikono ya Israël, mfuko mmoja kila mkono, akaifunga kwa uzi.

“Juu ya nini unanifunga hivi?” Israël aliuliza. “Madame, minamuinua tu. Nilizani iko mu hai.”

“Usinawe. Usijipanguse. Kama unasema kweli, hiyo damu itasema hivyo hivyo, itaonyesha imekugusa namna gani. Lakini ukinawa, hakutakuwa kitu tena cha kusema.”

Israël alielewa. Watu hawakuelewa. Walipoona mifuko walipiga yowe, kwa sababu kwao mfuko ulikuwa hukumu. Ruphin alisimama mbele ya kibanda na bunduki yake ya zamani imeshikwa kifuani.

Hakuwa na utepe wa polisi. Kituoni utepe ulikwisha tangu mwaka uliopita. Alichukua kamba ya mwashi, ile ya kunyoosha ukuta, akaifunga kwenye mti wa papai, akaipitisha kwenye rundo la kokoto, kwenye nguzo ya umeme, hadi nyuma ya nyumba. Akaandika kwenye daftari: saa mbili na dakika arobaini, kamba. Akaandika majina ya wote waliojulikana kuwa wameingia: marehemu, Israël, yeye mwenyewe. Aliandika jina lake haraka, kisha akapiga simu mjini kuita kikosi cha ufundi, watu wa kupiga picha na kuchukua alama.

Aliyepokea alikuwa fundi wao, Dan.

“Christiane, tuko Lukafu,” alisema. “Tulitoka jana, kuna kesi huku. Gari ni moja tu. Tukianza kurudi sasa, tutafika saa nane ama saa tisa.”

“Saa nane ya mchana?”

“Kama barabara inakubali. Usiache mtu aguse.”

Saa sita za kungoja, kwa kamba ya mwashi.

Alichungulia tena kutoka mlango wa mbele bila kuingia. Sasa, akiwa ametulia, aliweza kusoma mchanga. Israël alikuwa amevaa kandambili za plastiki. Alama zake alikuwa ameziona kule nyuma kwenye udongo; zilikuja mpaka kizingitini, zikageuka, zikakimbia. Hazikuingia kwenye mchanga hata kidogo. Zile kubwa zilikuwa za buti. Zilitoka chumba cha nyuma zikaelekea mlango wa mbele, na kila zilipoelekea mbele zilikuwa zimezama zaidi, kama za mtu aliyebeba kitu kizito. Safari nne. Kwenye kisigino cha kushoto kilikosekana kipande, kama kimeng’atwa.

Alijua nini maana yake. Alijua pia kwamba mtu mmoja akipita pale kwa huzuni au kwa udadisi, maana yote ingekwisha.

Mke wa marehemu alifika karibu saa tatu. Alikuwa ameletwa kwa pikipiki kutoka kanisani, ambako alikuwa na kina mama wenzake wakifagia. Aliitwa Myriam. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka hamsini na kitu, na hakulia. Alishuka, akaipita kamba kana kwamba haipo.

Christiane alisimama mbele yake.

“Mama, pole. Pole sana. Lakini hapa haupite.”

“Iko bwana yangu mule.”

“Najua, mama.”

“Basi niachie njia. Nitamufunika tu. Nitamufunga macho, nitatoka.”

“Siwezi, mama. Kama unamugusa, yule alimuua atapona.”

Myriam alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni.

“Tangu usiku eko chini,” alisema. “Chini, sawa imbwa. Na weye, mutoto wa juzi, unaniambia siwezi kumufunika bwana yangu?”

“Ninakuambia hivyo, mama.”

Kofi lilisikika mpaka barabarani. Kofia ya Christiane ilianguka kwenye kokoto. Kundi likashangilia, wengine wakacheka, na watu watatu wa mbele wakaanza kuinua kamba.

Christiane hakuinua mkono. Shavu lilimwaka, na machozi yalikuja yenyewe, lakini hakusogea hata hatua moja. Alichoogopa hakikuwa kofi. Aliogopa kwamba yule mama alikuwa na haki. Baba yake mwenyewe alipofariki, miaka minne kabla, yeye ndiye aliyemfunga macho, na alijua kitendo kile kinamsaidia nani.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, ili Myriam peke yake asikie, “unipige tena kama unataka. Lakini uwaambie barudi nyuma. Mule ndani kuna kitu kinasema nani alifanya. Kiko chini, mu mchanga. Bakikanyaga, kinakwisha. Kisha batamuchoma ule kijana, na pengine haiko yeye.”

Myriam alibaki amesimama, anapumua kwa nguvu. Kisha aligeuka, akaketi kwenye rundo la matofali, ndani ya kamba lakini mbali na mlango. Wale watu watatu waliiachia kamba, kwa sababu mwenye msiba alikuwa ameketi.

Saa nne na nusu simu ililia. Ilikuwa sauti ya mkuu wake wa kituo.

“Meta, naambiwa kuna vurugu huko kwako. Wapatie jamaa maiti, ipelekwe morgi. Halafu toka na huyo mwashi kwa njia ya nyuma. Sitaki watu waje kuchoma kituo.”

“Chef, kikosi kiko njiani.”

“Nimekuambia nini?”

“Tukimwinua sasa, tunapoteza kila kitu. Chef, unitumie amri hiyo kwa maandishi. Hata kwa ujumbe wa simu. Nitaifuata.”

Alisikia feni ya ofisi ya mkuu ikizunguka. Kisha simu ikakatika. Ujumbe haukuja. Aliendelea kuitazama ile simu, akijua kwamba kuna siku angeulizwa juu ya dakika hiyo.

Jua lilipanda. Watu walipungua, wakaongezeka. Mtu mmoja alijaribu kupitia nyuma ili apige picha kwa simu, Ruphin akamfukuza. Ndani ya kibanda Israël alikaa na mikono yake imeinuliwa mbele, kama anayengoja kupokea kitu, na Mapalo akamnywesha maji kwa kikombe kwa sababu yeye hakuweza kushika.

Saa sita kasoro, upepo ulibadilika. Ulitoka upande wa Luano, ukaleta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Christiane aliinua macho. Wingu lilikuwa jeusi chini na jeupe juu, nalo lilikuja haraka.

Nyumba haikuwa na paa.

Dakika ishirini, labda chini ya hapo. Mvua ya mwezi wa kwanza ingeosha damu, nondo, udongo wa nyuma, na mchanga wa sebule ungekuwa uji.

Myriam naye alikuwa ameliona wingu. Alisimama.

“Madame,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, “munafunike na mabati. Mabati iko mule mu chumba ya nyuma. Kumi na mbili.”

“Mabati gani, mama?”

“Ya yulu ya nyumba. Bameileta jana, saa kumi. Njo sababu Adrien alilala hapa, alikuwa anailinda.”

Christiane alimsogelea karibu sana.

“Mama, mule ndani hakuna bati hata moja.”

Myriam aligeuza kichwa taratibu, akatazama kibanda cha makala, akamtazama kijana mwenye mifuko ya mkate mikononi. Mtu aliyekuja saa kumi na mbili na nusu kwa miguu, na akapiga kelele mpaka mtaa ukaamka, hakuwa ameondoka na mabati kumi na mawili.

“Nani aliyaleta?” Christiane aliuliza kwa kunong’ona. “Uniambie kwenye sikio. Hapa jina lisitoke.”

Myriam alimwambia. Lilikuwa jina la mwenye toroko, mkokoteni wa kubebea mizigo, Guelord, aliyeishi njia ya tatu kutoka pale, na ambaye zamani alichimba mgodini. Christiane alitazama haraka kundi lile lote na lile tairi. Alifunga daftari bila kuandika.

“Sasa, mama, bakusikilize weye. Miye hawatanisikia.”

Myriam alipanda juu ya matofali. Sauti yake ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo kanisani.

“Munasema munamupenda Adrien? Mutu alimuua haiko huyu kijana, na alama yake iko mule ndani. Mvula inakuya kuifuta! Nani iko na bâche? Balete! Haraka!”

Kwa kitambo kifupi hakuna aliyejongea. Wa kwanza alikuwa Mapalo. Alivuta turubai lililofunika magunia yake ya makala, magunia sita, akaliburuta barabarani.

“Itanyesha ku makala yako, mama,” Ruphin alimwambia.

“Minaona,” alijibu.

Baada ya hapo watu walikimbia. Turubai la pili lilitoka kwa muuza unga, la tatu kwenye nyumba ya msiba mwingine mtaa wa pili. Christiane alipiga kelele hadi koo likakauka: hakuna kuingia, hakuna kushika mlango, kupanda kwa ngazi kutoka nje tu, upande wa ukuta aliouchagua. Wanaume walipanda juu ya kuta, wakanyoosha turubai kutoka ukuta hadi ukuta. Yule aliyekuwa na tairi aliliacha, akapanda naye. Kina mama walichukua majembe, na pale alipowaonyesha kwa fimbo, wakachimba mfereji wa kugeuza maji, mbali na zile alama za udongo wa nyuma. Juu ya alama hizo zenyewe aliweka mabeseni yaliyogeuzwa, na tofali juu ya kila beseni.

Mvua ilipofika ilifika yote kwa mara moja. Turubai lilijaa maji, likashuka kama tumbo, na wanaume kumi na wanne walilishika kwa mikono na meno.

“Musimwage ndani! Musukume nje!” Christiane alipaza sauti. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwa mvua, macho kwenye mchanga. Tone moja lilianguka karibu na ukuta, likachimba tundu dogo. Jingine. Alihesabu matone yale kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Mtu mmoja aliteleza juu ya ukuta, mwenzake akamkamata kwa mkanda. Dakika arobaini.

Ilipokwisha, pembe moja ya sebule ilikuwa imelowa. Zile safari nne za buti zilikuwa palepale.

Dan na wenzake walifika saa tisa na robo, gari limejaa matope ya Lukafu. Walivaa glovu na mifuko ya miguuni, wakapiga picha, wakaweka vibao vya namba, wakakoroga plasta nyeupe. Dan alifanya kazi akiwa amechuchumaa juu ya ubao, bila haraka. Kisha akamwita Christiane.

“Buti nimeipata vizuri sana. Kisigino kimekatika, ni kama jina la mtu. Lakini hizi mbili hapa mlangoni? Kiatu kidogo, cha polisi.”

“Ni zangu.”

Dan alitazama kama kuna mtu karibu. Hakukuwa na mtu.

“Hazigusi kitu,” alisema kwa upole. “Niko na brashi hapa. Nikipitisha mkono mara moja, kesi inakuwa safi. Unajua avoka watafanya nini na hii.”

Alijua. Alimwona tayari wakili wa mshtakiwa, amesimama na joho lake, akiuliza afisa anayeshindwa hata kutazama anapokanyaga ataaminiwaje. Aliona pia barua ambayo mkuu wake angemwandikia. Na Dan hakuwa mtu mbaya, alitaka kumsaidia. Mkono wake ulikuwa umeinuka tayari.

“Acha,” Christiane alisema. “Piga picha. Chukua plasta yake pia.”

Aliinama, akafungua kamba za viatu, akampa vyote viwili ili vipimwe. Jioni ile alirudi kituoni na kandambili alizoazima kwa Mapalo, na katika ripoti yake aliandika kwa mkono wake: *Nilipofika niliingia kwa mlango wa mbele bila kutazama chini. Nilikanyaga mara mbili. Kosa ni langu.*

Guelord alikamatwa Jumanne, alfajiri, nyumbani kwake, bila mtaa kujua. Mabati tisa yalipatikana kwa mnunuzi mmoja. Buti zilikuwa chini ya kitanda, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimekatika. Alikiri, akakana, akakiri tena. Alisema hakutaka kuua, alidhani nyumba haina mtu.

Israël, aliyewekwa kituoni tangu Jumamosi ile, aliachiliwa baada ya siku kumi na moja. Alipotoka hakumshukuru mtu. Meno mawili yalikuwa yamevunjika, na kazi alizoahidiwa zilikuwa zimepewa waashi wengine. Wiki ile ile alihamia kwa dada yake, upande mwingine wa mji, kwa sababu pale Ruashi watoto walikuwa bado wanamwita muuaji. Mkuu wa kituo naye alimwandikia Christiane barua ya lawama kwa kukaidi. Haikusema alikaidi amri gani.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa sita. Avoka wa Guelord alifanya kile kile alichotabiri Dan.

“Kwa hiyo kulikuwa na viatu vya mtu mwingine ndani ya mchanga huo?”

“Ndiyo.”

“Vya nani?”

“Vyangu. Vimeandikwa ukurasa wa kwanza. Plasta yake ni namba saba, na viatu vyenyewe viko mezani mbele yenu.”

Avoka alifungua ukurasa wa kwanza. Alisoma, akaufunga, akaendelea na swali lingine. Guelord alipewa miaka kumi na mitano.

Baada ya hukumu, Christiane alimkuta Myriam nje, kwenye benchi refu la varanda ya mahakama, amevaa nguo nyeusi. Alitaka kupita bila kumsumbua. Myriam akasogea, akampa nafasi.

“Sijakusamehe bado,” alisema. “Nilitaka ujue. Najua ulifanya muzuri. Lakini bado.”

“Ndiyo, mama.”

Walikaa. Watu walikuwa wanashuka ngazi, wakizungumza juu ya mabasi na chakula.

“Bamenipa Adrien mu sanduku, ameoshwa, amevalishwa,” Myriam alisema baadaye. “Weye njo ulimuona vile alikuwa. Weye peke yako ulikaa naye siku nzima. Uniambie.”

Christiane alivua kofia, akaiweka magotini. Alianza na uso, kwa kuwa alijua hicho ndicho kinachoulizwa. Alimwambia kwamba macho yalikuwa yamefungwa yenyewe, hakukuwa na haja ya mtu kuyafunga. Kwamba alilala ubavu wa kuume, na koti lake la reli limefungwa vifungo vyote. Myriam alishika mkono wake, akaukaza, akamwambia aendelee, asiache kitu.